Kasha na Kipande: Nani Alitunza Karatasi Zetu

Barua kongwe zaidi za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na leo zinatunzwa Goa, India. Zilitumwa na wakubwa wa Kilwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, na kwa kuwa Goa ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Wareno katika Bahari ya Hindi, makaratasi yale yakavushwa na kuhifadhiwa huko. Waandishi wake hawakuwa wakiwaandikia wataalamu wa lugha wa karne ya 20. Walimwandikia mtu waliyemjua, juu ya jambo la wakati ule. Zimetufikia kwa sababu ziliingia katika mafaili ya dola, na dola haina desturi ya kutupa karatasi ovyo. Barua ambazo watu wa Kilwa waliandikiana wao kwa wao, za biashara, ndoa, madeni na maradhi, hazikupata mlinzi wa namna hiyo, na mchwa na unyevu wa pwani havikuziacha.

Katika kila karatasi inayomhusu mtu kuna maswali mawili: nani anaitunza, na nani ana ruhusa ya kuisoma. Siku hizi tumezoea kuyatenganisha. Uhifadhi tunauona kuwa kazi ya maktaba na kampuni za teknolojia, na faragha tunaiona kuwa suala la kufuta: futa ujumbe, futa picha, usiache alama. Ushauri wa kawaida anaopewa mtumiaji wa simu ni kwamba kadiri anavyoweka kidogo ndivyo anavyokuwa salama zaidi. Nadhani historia ya Afrika Mashariki inatoa ushahidi wa kinyume. Kwa karne nyingi katika pwani hii, kutunza na kusitiri vilikuwa kazi moja, iliyofanywa na mkono mmoja, nyumbani. Utawala wa kikoloni ndio uliovitenganisha, ukamfanya mtu wa kawaida awe mtu anayeandikwa badala ya mtu mwenye maandishi yake. Teknolojia tunayotumia leo imeuendeleza mtengano huo. Kwa hiyo anayetaka kulinda faragha yake hawezi kuanza na kufuta tu. Kwanza lazima arudishe utunzaji mikononi mwake.

Tuanze na nyumba. Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi zilijengwa katika karne ya 18, zilipangwa kwa viwango vya ruhusa. Mgeni alibisha hodi na kupokewa dakani, penye mabaraza mawili yanayotazamana chini ya kipaa cha mlango. Aliyekaribishwa zaidi alipita hadi kiwandani. Baada ya kiwanda ilikuja misana, kisha ndani, mahali pa wenyewe, na kila hatua ilikuwa juu kidogo na yenye giza zaidi kuliko iliyotangulia. Sura ya An-Nur inawakataza waumini kuingia nyumba za wengine bila kuomba idhini, na wajenzi wa Lamu waliiandika amri hiyo kwa mawe na chokaa. Huko ndani ndiko kasha lilikokaa. Makasha mengi yaliletwa na majahazi kutoka India, ya mbao ngumu, yaliyopigwa misumari ya shaba kwa nakshi, na droo kwa chini. Ukifunua kifuniko, upande mmoja wa ndani utakuta kisanduku kidogo chenye kifuniko chake, na katika baadhi ya makasha, chini ya kisanduku hicho pana vijidroo ambavyo havionekani mpaka ubao wa mbele uvutwe juu. Humo mlikaa hati za mashamba na nyumba, hati za wakfu, maandishi ya ndoa, nasaba, barua, pamoja na dhahabu. Karatasi hizo hazikuwekwa kwa mapenzi tu. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, inaamuru deni liandikwe mbele ya mashahidi; na sheria ya mirathi inataka madeni ya marehemu yalipwe kabla warithi hawajagawana chochote. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyepoteza maandishi yake aliwadhulumu wadai wake na watoto wake. Dini ile ile iliyomwamuru afunge mlango ilimwamuru atunze daftari, na hakuona mgongano wowote kati ya amri hizo.

Hapa atatokea mtu wa kusema kwamba nimechora picha ya matajiri. Mtumwa aliyelala nje ya misana hakuwa na kasha, na wala hakuwa na faragha. Yeye mwenyewe aliweza kuwa mali iliyoandikwa katika karatasi zilizofungiwa ndani. Wanawake wengi waliozungukwa na kuta hizo hawakufundishwa kuandika, ingawa walisoma Kurani. Pingamizi hili ni la kweli na sitaki kulipunguza makali. Lakini tazama walichofanya walionyimwa. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, anasimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa mtoto wa kike hakutakiwa kujua kazi hiyo. Mwaka 1859, akiwa bado kijana wa miaka kumi na mitano hivi, ujuzi ule ulimfanya awe katibu wa njama ya kaka yake Barghash dhidi ya Sultani Majid: barua ambazo hazingeweza kuaminiwa kwa mwandishi wa nje ziliandikwa na mkono wake. Hiyo inaonyesha kwamba waliofungiwa nje ya utunzaji walijua vizuri thamani yake. Asiyejua kuandika alilazimika kumpa mwandishi siri yake ndipo aitume. Salme aliukata ulazima huo. Udhaifu wa mpango wa zamani ulikuwa uchache wa watu waliokuwa na ufunguo, na dawa yake ilikuwa kuongeza funguo.

Kilichofuata badala yake ni kwamba karatasi zilianza kupita mikononi mwa wasiojulikana. Zamani barua ilikunjwa, ikafungwa, ikapewa nahodha au msafiri anayemfahamu mpelekewa. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulipitishwa chini ya bahari kuunganisha Unguja na Aden, na kupitia Aden na dunia nzima. Sasa bei ya karafuu ilisafiri kwa dakika, lakini ilisomwa na karani kila kituo. Wafanyabiashara duniani kote walijibu kwa kununua vitabu vya misimbo, kama kile cha ABC kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1873, ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima. Walipunguza gharama na wakati huohuo wakaficha shughuli zao. Posta ilikuja na masanduku yake, na kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki barua haikufika mlangoni kwa mtu. Ilifika kwenye S.L.P., na sanduku lilikuwa la shule, la misheni, la mwajiri au la duka. Mamilioni ya watu walipokea habari za nyumbani kupitia mkono wa mwalimu mkuu au meneja. Katika Vita Kuu ya Pili, barua za askari wa Afrika Mashariki waliokuwa Ceylon na Burma zilifunguliwa na wakaguzi, ambao waliziandikia ripoti juu ya mawazo ya askari kuhusu mishahara, ardhi na maafisa wao. Wanahistoria wa leo wanazitegemea ripoti hizo. Barua zenyewe, zile zilizofika vijijini, zimebaki chache mno. Aliyefungua bahasha ya mwenzake ndiye aliyeacha kumbukumbu.

Kipande kilikamilisha mtengano huo. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika wa Kenya ilipitishwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwaka 1919. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, karatasi iliyowekwa ndani ya kikebe cha chuma, akikining'iniza shingoni kwa kamba. Karatasi ilikuwa na jina lake, kabila na wilaya yake, alama za vidole, kisha mistari ya kujazwa na waajiri: aina ya kazi, siku aliyoanza, siku aliyoacha, mshahara, na sahihi ya kumruhusu aondoke. Ofisi ya Nairobi ilibaki na kumbukumbu za kila aliyeandikishwa, hivyo aliyetoroka shamba moja aliweza kutambuliwa kwa vidole vyake akiwa kwenye shamba jingine. Kukutwa bila kipande lilikuwa kosa la faini au jela. Ukikitazama kwa karibu utaona kwamba mbebaji alikuwa mlinzi wa karatasi ambayo hakuruhusiwa kuandika hata neno moja ndani yake. Aliitunza asiadhibiwe, lakini yaliyomo yalikuwa ya mwajiri na serikali. Na yaliyomo yalifanya kazi dhidi yake: mwajiri mpya aliyesoma kwamba mtu huyu alilipwa shilingi nane pale alipotoka hakuwa na sababu ya kumpa kumi. Harry Thuku na wenzake wa East African Association walikiweka kipande katika orodha ya malalamiko yao ya kwanza, na Thuku alipokamatwa, umati uliokusanyika Nairobi tarehe 16 Machi 1922 ulifyatuliwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Kisha ulikuja ushahidi ulio wazi kuliko wote. Mwaka 1947 serikali ilitunga sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, ikiwa na alama za vidole kwa kila mmoja. Walowezi wa Kizungu walikasirika, wakaona ni kufanywa kama wahalifu, na serikali ikalegeza: aliyeweza kusoma na kuandika Kiingereza aliruhusiwa kutoa picha na sahihi. Kwa takriban miaka 30 Waafrika walikuwa wakiambiwa kwamba utaratibu huo hauna ubaya kwa mtu mwema. Siku ulipowagusa wenye nguvu, ubaya wake ulijulikana ndani ya muda mfupi.

Hapo ndipo ninapomjibu anayesema kwamba hana cha kuficha. Mfanyakazi wa mwaka 1925 hakuwa na cha kuficha pia. Mshahara wake wa shilingi nane haukuwa aibu wala kosa. Madhara yalitokea kwa sababu taarifa ya kweli, isiyo na siri yoyote, ilihama kutoka mahali ilipokuwa halali kujulikana hadi mahali ilipotumika kumshikilia. Faragha haiwahusu wenye hatia tu. Inahusu nani anaweza kukupangia bei, kazi au haki kwa kutumia habari ambazo hukumpa yeye. Wapo pia wanaosema kwamba Mwafrika ni mtu wa jamii, na kwamba faragha ni mzigo wa Ulaya tuliotwikwa. Hao wapite Lamu, wasimame dakani.

Kama kipande kilionyesha hatari ya kuandikwa, mwisho wa ukoloni ulionyesha hatari ya kumwachia aliyekuandika uamuzi wa nini kibaki. Mwaka 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliagiza kwamba serikali za nchi zinazopata uhuru zisikabidhiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Maagizo yaliyofuata yalikuwa ya kina: karatasi zichomwe na majivu yake yavunjwevunjwe, au zipakiwe katika masanduku yenye uzito na kuzamishwa kwenye maji ya kina kirefu yasiyo na mkondo, mbali na pwani. Nyingine zilisafirishwa kimyakimya. Mwaka 2011, katika kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa na mafaili hayo katika Hanslope Park: karibu 8,800 kutoka makoloni 37, yakiwemo takriban 1,500 ya Kenya. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa walalamikaji 5,228. Kwa nusu karne, ushahidi wa yaliyowapata ulikuwa umefungwa na waliowatendea. Mfano wa upande wa pili ni Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Kikuyu aliyekamatwa Oktoba 1952 na kuzungushwa katika kambi za kizuizini, pamoja na ile ya Kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Aliandika shajara kwa siri, akaificha, akatoka nayo. Ilichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma. Hakuna aliyehitaji mahakama ya London ili kujua Gakaara aliona nini. Alitunza kwa kuficha, na alificha ili atunze. Na mtu wa aina yake ndiye ninayemfikiria kila ninaposikia kwamba usalama uko katika kufuta.

Sasa tuje kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata ikavuka mpaka kuingia Tanzania. Kwenye meza ya wakala palikuwa na daftari kubwa lenye mistari: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Mteja aliyefuata alipoinama kuandika alikuwa akisoma mambo ya waliomtangulia, nani katoa kiasi gani na namba yake ni ipi. Huduma ilikuwa ya kisasa kabisa, lakini mstari ule ulirithi umbo la kipande: karatasi inayokuhusu, unayoiwekea sahihi, na ambayo ukishaondoka huna kauli juu yake. Madaftari ya walinzi getini, yanayodai jina, kitambulisho na namba ya simu kwa kila anayeingia jengo, ni ya ukoo huohuo. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kenya, mwaka huohuo wa 2019, iliwapanga watu kwa mamilioni kuandikishwa kwa namba ya utambulisho iitwayo Huduma Namba. Kundi la Wanubi, watu ambao wamejua kwa vizazi maana ya kunyimwa vitambulisho, lilikuwa kati ya waliokwenda mahakamani, na Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kukusanywa kwa DNA na kwa majiranukta ya mahali mtu anapoishi, ikataka kwanza pawe na kanuni za kulinda data. Oktoba 2021 utoaji wa kadi za Huduma Namba ukatangazwa kuwa batili kwa kuwa serikali haikupima kwanza athari zake kwa faragha. Huko Garissa na jirani zake, maelfu ya Wakenya waliokuwa wameandikishwa kama wakimbizi, wengi wakiwa watoto, ili familia zipate mgao wa chakula nyakati za njaa, walipofika umri wa kuomba kitambulisho waliambiwa kwamba vidole vyao vinawaonyesha kuwa wageni. Viliaminiwa vidole, hawakuaminiwa wao.

Najua kuna jibu la serikali, na si jibu jepesi. Usajili umewapa watu wengi kitu ambacho kasha la Lamu lisingewapa: akaunti ya benki kwa mwanamke wa kijijini, mkopo bila shamba la rehani, pensheni inayofika, mwizi wa laini anayekamatwa. Dola isiyojua watu wake haiwezi kuwahudumia. Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni kwamba huduma lazima inunuliwe kwa kumbukumbu isiyo na mipaka. Kenya imeandika haki ya faragha katika kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 na kutunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria zote mbili zina kanuni ambayo mbebaji wa kipande angeipokea kwa mikono miwili: taarifa ichukuliwe kwa lengo lililotajwa, isitumike kwa jingine, na mwenyewe aweze kuiona na kuisahihisha. Mwaka 2023, umati ulipopanga foleni katika jumba la KICC, Nairobi, ili mboni zao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi elfu kadhaa, sheria ya Kenya ilipata jaribio lake. Serikali ilisimamisha zoezi hilo mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe. Hata hivyo mahakama hufika baada ya foleni kuisha.

Hivyo tunarudi kwa mtu mmoja na simu yake, kwa kuwa humo ndimo zilimo leo hati ya kiwanja iliyopigwa picha, cheti cha kuzaliwa, sauti ya bibi, risiti za ada, picha za harusi na mabishano ya ukoo kuhusu shamba. Wengi huamini kwamba vitu hivi vimehifadhiwa. Vimewekwa tu, kwenye seva za kampuni zenye masharti yao. Mwaka 2019 MySpace ilitangaza kwamba muziki na picha ambazo watu walipakia kwa zaidi ya miaka kumi vilipotea katika kuhamisha seva. Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti zisizoguswa kwa miaka miwili. Mzee aliyefariki haingii tena kwenye akaunti yake. Upande wa usiri hali ilikuwa na tundu lake: tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp umesimbwa kati ya mtumaji na mpokeaji, lakini nakala za akiba zilizopelekwa kwenye seva za kampuni nyingine zilikaa bila ulinzi huo mpaka 2021, ilipoongezwa njia ya kuzifunga, na hata sasa mwenye simu ndiye anayepaswa kuiwasha. Ujumbe uliofutwa kwenye simu mbili ulikuwa unaweza kubaki kwenye nakala ya tatu. Ndiyo maana kufuta peke yake hakutoshi. Anayefuta huondoa nakala anayoimiliki na kuziacha asizozimiliki, kisha siku ya ugomvi, uwe na benki, mwajiri au ndugu, yeye ndiye asiye na ushahidi.

Kuna pingamizi la mwisho, la mwanahistoria, nalo linanigusa. Kama watu wa Kilwa, askari wa Burma na waandishi wa barua wa pwani wangefaulu kusitiri kila kitu, tungejua nini? Carl Büttner alichapisha Berlin mwaka 1892 mkusanyo wa barua na hati za Waswahili kwa herufi zao za Kiarabu, na bila kitabu kile tungekuwa maskini zaidi. Lakini angalia upande wa pili wa historia hiyohiyo. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ulioanzishwa na Habib Saleh, ilibaki mikononi mwa wenyewe kwa zaidi ya karne, na ilipopigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mradi wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, karatasi zilibaki Lamu na nakala ndiyo iliyosafiri. Wenye mali waliamua nini kionekane na lini. Historia haikupungukiwa, wala nyumba haikuvunjwa mlango.

Kwa familia ya leo kazi hiyo ni ya mchana mmoja mara mbili kwa mwaka, na haihitaji mtaalamu. Kwanza ni kuchagua, kwa sababu picha elfu nane zisizo na majina hazitamsaidia mjukuu kuliko mia mbili zenye jina, mahali na mwaka. Kisha ni kunakili kutoka kwenye simu hadi diski mbili za nje, moja ikae nyumbani na nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, zote zikiwa zimefungwa kwa nywila. Kusimba diski ni jambo ambalo kompyuta nyingi hufanya zenyewe ukiwasha sehemu husika. Flashi zisitegemewe kwa miaka mingi, na hata diski ibadilishwe kabla haijazeeka. Hati za ardhi na za ndoa zichapwe pia kwenye karatasi. Yasiyostahili kutunzwa, kama picha za vitambulisho vya watu wengine zilizotumwa kwa haraka ya biashara, yafutwe kila mahali, hadi kwenye nakala ya akiba. Mwisho, lakini unaosahaulika kuliko yote, ni ufunguo. Kasha lilipofunguliwa mwenyewe alipokufa, warithi walijua ufunguo ulipo. Nywila hufa na mtu. Google imekuwa na njia ya kumteua mtu wa kukabidhiwa akaunti tangu 2013, na Apple tangu 2021, lakini nywila ya diski haina njia hiyo. Iandikwe kwa mkono, itiwe katika bahasha iliyofungwa, na akabidhiwe mtu mmoja ambaye familia imekubaliana juu yake mwenyewe angali hai.